Mazembe ya Papa, Mazembe Yako

Mtoto wa Lubumbashi hachagui timu. Anaikuta nyumbani. Ama ni nyeusi na nyeupe ya TP Mazembe, ama ni manjano na bluu ya Saint-Éloi Lupopo, na baba alishaamua zamani. Miaka inapita, mtoto anakuwa mtu mzima, anahamia Kampemba au Johannesburg, na siku moja anatambua kwamba hakuna jambo ambalo yeye na mzazi wake wanaweza kulizungumza kwa nusu saa bila kukwaruzana, isipokuwa mpira. Wapo wanaonieleza hilo kwa aibu. "Mimi na muzee ni Mazembe tu," wanasema, kama wanaokiri kwamba mapenzi yao yana kasoro.

Mimi sioni kasoro. Wanaume waliozeeka katika kazi ya mgodi na reli hawakuzoezwa kumweleza mtoto yaliyo moyoni. Mpira uliwaruhusu kupiga kelele, kulia na kumkumbatia mtu hadharani, na mtoto akaketi kando yao akaona. Kinachonisikitisha ni watu waliozungumza Mazembe na baba zao miaka thelathini na wakaishia kwenye matokeo: tumeshinda, tumefungwa, kocha hafai. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote ambaye mzazi wake bado yupo na bado anauliza mechi ni saa ngapi.

Anza na hesabu ya umri wake. Mtu aliyezaliwa mwaka 1955 alikuwa na miaka 12 timu hii, iliyoitwa Englebert wakati huo kwa jina la kampuni ya matairi ya Ubelgiji, ilipotwaa kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967. Kisha ikalitwaa tena lile la 1968. Katika kombe la 1969 ikafika fainali ikafungwa na Ismaily ya Misri, na katika la 1970 ikafika tena, ikafungwa na Asante Kotoko ya Ghana. Fainali nne mfululizo! Mzee huyo alibalehe akiamini kwamba kila mwaka unapokwisha, Lubumbashi hucheza fainali ya Afrika. Ukilijua hilo utamvumilia anapofoka kwa sababu ya sare ya Jumapili.

Sasa muulize. Lakini usimuulize, "Papa, fainali ya 1967 ilikuwaje?" Atakujibu kama mtangazaji: sare mechi ya kwanza, sare ya pili, wakapangiwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, kombe likawa letu. Ni kweli yote, na yote yameandikwa kwingine. Muulize habari alizipata wapi. Redio ilikuwa ya nani? Walikuwa wangapi uani? Ni nani aliyetumwa dukani akakosa bao?

Nilimuuliza baba yangu hivyo kuhusu fainali ya kombe la 1968, ambapo Englebert iliifunga Étoile Filante ya Lomé mabao 5-0, kisha ikaenda kufungwa 4-1 huko Togo na bado ikabeba kombe. Mabao hayo nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni. Safari hii akaniambia kwamba redio ilikuwa ya jirani, kwamba betri zilikuwa zimechoka, na mchana kutwa walizianika juu ya bati ili jua lizitie nguvu kidogo. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuzigeuza. Akaniambia pia kwamba babu yangu, mtu niliyemjua kwa ukali na kwa mkanda wake, alirudi kutoka zamu, akasikia matokeo, akacheza dansi uani akiwa bado na viatu vya kazi. Mabao matano niliyajua. Babu akicheza dansi sikumjua.

Ndiyo maana nasema uliza alikuwa na nani. Bao atalikuta kila mtu; aliyeketi kando yake anamjua yeye peke yake.

Jiandae pia, kwa sababu katika mji wetu swali hilo lina meno. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Watu waliozaliwa Likasi na Kolwezi, ambao hawakuwa na kwao kwingine, walilala kwenye vituo vya reli wakisubiri treni, na wengine walifia hapohapo. Yule rafiki aliyekuwa akimwekea baba yako nafasi uwanjani huenda alikuwa mmoja wao. Huenda baba yako mwenyewe alikuwa mmoja wao, akarudi baadaye. Huenda pia siku zile alikaa kimya wakati angepaswa kusema. Ukimwona amenyamaza ghafla katikati ya hadithi, usimsukume. Mrudishe kwenye mpira, mwache amalize mechi. Mara nyingi jambo lenyewe huja wiki nyingine, bila kuulizwa, wakati mnangoja taksi.

Jambo la pili ni kukubali kwamba Mazembe yake si yako. Klabu ni moja, ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto wa Taasisi ya Saint-Boniface, ikaitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, kisha Englebert. Lakini kila kizazi kimepewa kipande chake. Aliyekuwa mtoto mwaka 1967 alipewa ufalme. Aliyekuwa kijana katika miaka ya 1990 alipewa ukame: baada ya ubingwa wa taifa wa 1987, hakuna mwingine hadi mwaka 2000. Na ukame huo haukuwa wa uwanjani tu. Ni miaka ya uporaji wa 1991, ya kampuni ya migodi ya Gécamines kuporomoka, ya mishahara iliyokuja kwa kuchelewa au isiyokuja kabisa, hadi mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walipoondoka kwa kile kilichoitwa kuacha kazi kwa hiari. Wapo watu waliokwenda uwanjani katika miaka hiyo bila kula. Waliipenda timu isiyoshinda kitu, kwa pesa wasiyokuwa nayo, na mimi nadhani hao ndio mashabiki wakubwa kuliko wote, ingawa hawana kombe la kusimulia. Kama mzazi wako ni wa kizazi hicho, usimpeleke haraka kwenye Abu Dhabi ya 2010. Muulize alikuwa anaingiaje uwanjani.

Vijana waliokulia chini ya uongozi wa Moïse Katumbi, aliyeishika klabu mwaka 1997, wao wana Ligi ya Mabingwa ya 2009, ya 2010 iliyokuja na mabao 5-0 dhidi ya Espérance ya Tunis, na ya 2015. Wana usiku ule wa Desemba 2010 huko Abu Dhabi ambapo Kabangu na Kaluyituka waliifunga Internacional ya Brazil na Mazembe ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Tulifungwa 3-0 na Inter Milan, sawa. Hakuna anayeanza hadithi na fainali.

Hapo ndipo ubishi huzaliwa. Kipa bora ni nani, Kazadi au Kidiaba? Muzee atasema, "Shiye tulimuonaka Kazadi. Ba leo banaona nini?" Wewe unaweza kumhesabia makombe ya Kidiaba hadi akose la kusema. Usifanye hivyo. Badala yake muulize Kazadi Mwamba alikuwa anausimamiaje mpira wa juu, umwone anavyoinuka kwenye kiti kukuonyesha. Muulize pia kuhusu Kombe la Dunia la Ujerumani mwaka 1974, Zaire yetu na Yugoslavia, dakika ya 21, kocha alipomtoa Kazadi tukiwa tumefungwa matatu, na mechi ikaisha tisa. Kocha alikuwa Myugoslavia. Baada ya kuuliza hivyo andaa chai, maana hamtalala mapema.

Kuhusu kwenda uwanjani pamoja, nina mambo machache ya vitendo ambayo wengi huyapuuza. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, si mkubwa, unachukua watu wapatao elfu kumi na nane, na ni rahisi zaidi kwa mtu mzima kuliko uwanja wa Kibassa Maliba, kwenye mtaa wetu uitwao Kenya, aliouzoea yeye. Hata hivyo Septemba na Oktoba jua la mchana linaua, na mvua zikianza Novemba hazina adabu. Kofia, maji, na dawa zake za saa hiyo viwe mfukoni mwako, si mwake, kwa sababu atavisahau makusudi. Ketini karibu na njia ya kutokea. Katikati panaonyesha vizuri zaidi, lakini mtu wa miaka sabini anahitaji choo mara nyingi kuliko anavyokubali kusema, na hatapenda kuwasimamisha watu ishirini kila mara.

Kutoka ndiko kwenye hatari. Tarehe 11 Mei 2014 kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, Vita Club ilikuwa imefungwa na Mazembe. Zikatokea fujo, gesi ya machozi ikarushwa, watu wakakanyagana kwenye njia za kutokea, na wapatao kumi na watano hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo amueni kabla hamjaketi: ama mnaondoka dakika ya 80, ama mnabaki hadi majukwaa yawe meupe. Msitoke na wimbi. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, iwe mfukoni mwa shati lake, na mkubaliane mahali pa kukutania mkipotezana, mahali anapopajua yeye tangu zamani hata kama wewe hupajui.

Halafu suala la pesa. Tikiti unalipa wewe, inajulikana. Lakini mpe pesa hizo nyumbani, kimyakimya, na mkifika mlangoni mwache yeye azitoe na kusema, "Mbili." Alikununulia tikiti miaka yote ile mbele ya watu, si vizuri leo wewe kumnunulia yake mbele ya watu haohao.

Kuna wakati ambapo kwenda haiwezekani tena. Msitangulie kumwambia, "Papa, utachoka." Mwache aseme mwenyewe. Akisema, hamishieni mechi nyumbani bila masikitiko mengi. Keti upande wa sikio lake linalosikia. Redio ya betri iwe karibu, kwa sababu umeme wa SNEL una tabia ya kuondoka dakika ya 70. Wajukuu waje na jezi zao za Real Madrid na Barcelona kama ndizo walizonazo, hakuna haja ya kuwafukuza. Ukiwaonyesha Kidiaba akishangilia bao kwa kuruka na makalio nyasini, watakaa chini wote waanze kumwiga, na babu atapata mahali pa kuanzia.

Na kama nyumba imegawanyika? Lupopo nayo ilianzishwa mwaka 1939, timu ya watu wa reli, na bado inaitwa Cheminots. Najua familia ambamo baba ni Lupopo mfupa na mtoto alihamia Mazembe akiwa shuleni, na jambo hilo halijasahauliwa. Ushauri wangu ni kuulinda utani na kuuwekea mipaka. Siku ya derby, aliyeshinda asipige simu kwanza. Angoje aliyefungwa apige. Hakuna kutaniana mbele ya wakwe. Na wewe wa Mazembe, mwenye makombe mengi, jua kwamba mtu aliyebaki Lupopo tangu ubingwa wa 2002, akitazama jirani yake akibeba Afrika mara tatu, ana jambo la kukufundisha kuhusu uvumilivu. Muulize kwa nini hakuondoka. Baadhi watakujibu kwa mzaha. Wengine watakueleza habari za baba yao na karakana ya reli, na hapo utakuwa umepata babu yako mwingine.

Nimezungumza sana juu ya akina baba, na ni kosa la mazoea kuliko la nia. Mimi ni binti. Nilipelekwa uwanjani mara ya kwanza kwa sababu kaka zangu waliugua surua na tikiti ilikuwa tayari. Mabinti wengi wa Lubumbashi waliingia hivyohivyo, kwa mlango wa bahati. Leo hakuna haja ya bahati. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Morocco kwa kuwafunga wenyeji AS FAR bao 1-0 katika fainali. Mpeleke mama yako akaione timu hiyo. Usidhani hajui mpira. Mama aliyepika bukari, yaani ugali, kila siku ya mechi, aliyejua kutokana na hatua za mume wake langoni kama timu imeshinda au imefungwa, na aliyepanga kulingana na hizo hatua ni lini aombe ada ya shule, ana historia ya Mazembe isiyopatikana kwa mtangazaji yeyote.

Mlio mbali, Lusaka au Bruxelles, msipige simu wakati mechi inaendelea. Picha yako ya intaneti imechelewa au imetangulia, na utamharibia bao. Pigeni kabla, saa ya kutaja kikosi, kisha baada, akishatulia. Ujumbe wa sauti ni bora kuliko maandishi kwa mtu asiyevaa miwani. Umeme ukikatika kwake na wewe bado unaona, hapo sasa piga, umsimulie: nani ana mpira, anaelekea upande gani, kipa yuko wapi. Zamani yeye ndiye aliyekubeba begani na kukusimulia usichokiona. Na Mtanzania anayesoma haya, mwenye baba wa Simba asiyesahau zile 4-1 za Lubumbashi za Aprili 2019, au baba wa Yanga asiyenyamaza kuhusu ushindi wa 2023, anaweza kuchukua yote haya akabadilisha jina la timu tu. Tena Samatta, Mtanzania wa Mazembe, alikuwa wetu sote.

Kusahau kukija, mambo yanabadilika. Mzee anaweza kumweka Mputu wa enzi za Katumbi katika mechi ya 1968, akimpa pasi Kalala wa enzi za Englebert. Usimsahihishe. Usimpime kwa maswali ya mwaka gani na bao la nani, kwa kuwa anajua kwamba unampima na anaogopa. Anza wewe: "Papa, ile siku ya betri juu ya bati..." kisha ngoja. Mara nyingi majina ya zamani ndiyo ya mwisho kuondoka, na utashangaa kuona mtu aliyesahau kama amekula akikutajia jirani mwenye redio.

Mawili ninayapitia haraka. Kamari: kijana, usimwingize baba yako katika kubeti mechi za Mazembe ili "kuongeza ladha". Ukishaweka pesa mnatazama pesa. Siasa: Katumbi alikuwa gavana wa Katanga, baadaye mpinzani na mgombea urais mwaka 2023, kwa hiyo huwezi kuisema klabu muda mrefu bila kumgusa. Kama wewe na mzazi wako mnatofautiana juu yake, kubalianeni kwamba wakati wa mechi anatajwa kama mwenyekiti tu. Nimeona nyumba mbili ambazo zingepona kwa sharti hilo dogo.

La mwisho ni la vitu. Picha za zamani zitoeni kwenye sanduku sasa, na nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli majina, mwaka na mechi, kuanzia kushoto. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili. Kuhusu jezi, kofia na ile skafu ambayo hataki ifuliwe, nimekwisha kuona ndugu wakinuniana zaidi katika kilio kwa sababu ya jezi ya mwaka 2009 kuliko walivyonuniana kwa sababu ya kiwanja. Kwa hiyo muulizeni akiwa mzima, wakati wa mapumziko ya mechi, watoto wote wakiwepo: hii unamwachia nani? Atacheka, atasema hafi karibuni, kisha atataja jina. Mmoja wenu aandike.